Dirisha la Lado na Mvuke wa Mchaichai

Keji alikuwa mwanamke wa kuuliza. Akiona kitu kigeni, hata kiwe mfuniko wa chupa tu, husimama, huinamisha kichwa, kisha husema, "De shunu?" Hayo ni maneno ya Kiarabu cha Juba, na maana yake ni "Hiki nini?" Aliuliza sokoni, aliuliza kanisani, aliuliza hata msibani. Watoto wa jirani walimpa jina la Mama Deshunu. Yeye hakukasirika.

"Kuuliza si ujinga," aliwaambia. "Mjinga ni yule anapita tu, macho mbele."

Aliishi Juba, mtaa wa Sherikat, karibu na daraja, katika nyumba ya chumba kimoja yenye paa la mabati. Aliishi na mume wake, Lado, na binti yao, Tisa, aliyekuwa na miaka sita. Keji na Lado walikulia ukimbizini Uganda. Huko ndiko walikojifunza Kiswahili chao, kile cha soko la Arua kinachokwenda pekupeku. Kila asubuhi Lado aliwasha pikipiki yake ya boda boda akaenda kutafuta abiria. Keji alivuka daraja kwenda Hai Amarat, kufanya usafi katika hoteli moja.

Maisha yangekuwa ya kawaida, kama si vita. Na hata vita Keji angevivumilia, kama Lado angekuwa analala.

Mwaka uliopita, mwezi wa saba, mapigano yalifika mjini. Familia ililala sakafuni siku nne. Siku ya pili risasi moja iliingia dirishani, ikapita juu ya kitanda kitupu, ikajichimbia ukutani. Hakuna aliyeumia. Lakini Lado aliliangalia lile tundu la ukutani, kisha akakiangalia kitanda, kisha akamwangalia Tisa.

Mapigano yalipopoa, alichukua bati akaligongomelea dirishani. Akaziba nyufa zote kwa vipande vya blanketi. Chini ya mlango akasukuma gunia. Tangu siku hiyo hata mbu alihitaji ruhusa kuingia katika nyumba ile.

Na tangu siku hiyo Lado hakulala. Alijinyoosha chali, macho wazi. Mbuzi wa jirani akipiga chafya, yeye ameshakaa kitako. Asubuhi alikuwa mzito kama gunia la mtama. Ili aweze kuendesha, alikunywa kahawa ya tangawizi, ile inayomiminwa kutoka kwenye jabana, birika dogo la udongo, kikombe baada ya kikombe, mpaka jua linazama.

Siku moja alirudi nyumbani akiikokota pikipiki. Rafiki yake Lokosang, dereva mwenzake, alikuja naye.

"Mama Tisa," Lokosang alisema, "huyu bwana leo amelala juu ya pikipiki. Katikati ya daraja! Mimi napiga honi, yeye hasikii. Gari ya maji ilibaki hivi tu." Akaonyesha kwa vidole viwili.

"Nilifunga macho kidogo," alisema Lado.

"Kidogo ndiyo inaua," Lokosang akajibu, akaondoka zake.

Keji alishikwa na hofu. Alijua jambo moja wazi: Lado asipolala kitandani, barabara itamlaza. Tangu hapo alitafuta usingizi wa mume wake kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alimpa uji mzito. Alimwombea. Alimkanda miguu. Lado alishukuru kwa kila kitu, akaendelea kuangalia dari.

Wiki moja baadaye, hotelini, Keji aliingia katika chumba cha mgeni akakuta kitu juu ya meza. Kilikuwa cheupe, cha mviringo, ukubwa wa boga dogo. Juu yake palitoka mvuke mwembamba. Chumba kizima kilinukia vizuri.

Keji aliweka ndoo chini. "De shunu?"

Betty alikuwa nyuma yake, akikunja mashuka. Betty alikuwa Mganda, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafanyakazi wa usafi.

"Hiyo ni mashine ya mvuke," alisema. "Unaweka maji, unatia matone tatu ya mafuta ya mimea, unawasha umeme. Inatoa harufu polepole."

Keji akapeleka kiganja juu ya mvuke. "Ai! Ni baridi!"

"Ndiyo. Haina moto ndani. Inatikisa maji tu mpaka inakuwa kama ukungu."

"Na inafanya nini?"

"Inafurahisha pua, basi. Wageni wengine wanasema wanapumzika, wanalala vizuri."

Keji akageuka haraka. "Wanalala?"

"Wengine. Si dawa, Keji. Ni harufu tu."

"Mafuta ya nini?"

"Hii ya leo ni mchaichai. Ile majani yenu ya chai, hata hapa mnayo. Huyu mgeni anaondoka kesho, amesema chupa iliyobaki nichukue. Mimi inanipa mafua. Chukua wewe." Betty akampa chupa ndogo ya rangi ya kahawia. "Lakini sikia, Keji, hiyo mafuta ni kali. Matone tu. Na chumba iwe na..."

Keji alikuwa ameshafika mlangoni na ndoo yake. Masikio yake yalikuwa kwa Betty, lakini moyo wake ulikuwa Sherikat. Alisikia neno moja tu: wanalala.

Njiani alifikiri. Mashine hana. Umeme nao, kwake ulikuwa habari ya redioni. Lakini mvuke si mvuke tu? Maji anayo. Moto anao. Jumamosi alipitia soko la Konyo Konyo akanunua fungu la mchaichai. Kwenye meza ya mama anayeuza manukato akanunua pia bakhuri, yale mabonge ya udi ambayo wanawake wa Juba huyachoma nyumba inukie wakati wa arusi au mgeni akija. Harufu moja ni nzuri, alifikiri, harufu tatu ni nzuri zaidi.

Jumapili walitoka kanisani, wakala, na mvua ikaanza. Ilikuwa mvua kubwa, ya kupiga mabati mpaka watu wasikilizane kwa ishara. Lado alijinyoosha kitandani. Tisa akapanda kando yake.

Keji alikuwa amewasha makaa nje, kwenye kanuni, lile jiko dogo la bati. Mvua ilipoanza kurusha maji barazani, akalibeba jiko ndani. Akaweka sufuria ya maji juu. Akatia mchaichai. Akatia mafuta, si matone bali kifuniko kizima. Akatupa bakhuri pembeni juu ya makaa. Kisha akafunga mlango na kusukuma gunia chini, kama Lado alivyopenda.

Harufu ilijaa chumba.

"Mama," alisema Tisa, "nyumba inanukia kama arusi."

Lado aliinua kichwa, akavuta pumzi, akamwangalia mke wake. "De shunu?" aliuliza, akiiga sauti yake.

Wote watatu wakacheka. Keji hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia Lado akicheka. Alikaa juu ya kigoda, akamtazama. Muda ukapita. Kope za Lado zikaanza kushuka. Zikapanda. Zikashuka tena. Kisha, Mungu mkubwa, Lado akalala!

Alikoroma kidogo, halafu akanyamaza. Hakushtuka radi ilipopiga. Hakugeuka. Keji alitaka kupiga vigelegele, akajiziba mdomo. Kichwa kilikuwa kinamgonga kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko kichwa. Alimnyanyua Tisa taratibu, akafungua mlango, wakatoka, akaufunga tena na kulirudisha gunia kwa nje kwa kidole cha mguu. Kelele za mvua zisimwamshe mpenzi wa watu.

Walikimbia mpaka kwa Sista Santina, nyumba ya pili. Santina alikuwa muuguzi. Alisomea kazi hiyo Kenya wakati wa ukimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikuwa barazani akichambua maharage.

"Sista!" Keji alisema kabla hajakaa. "Baba Tisa amelala!"

"Wacha! Lado? Mchana hivi?"

"Amelala kama mtoto. Hata radi haisikii. Mimi nimepata dawa!" Keji akaeleza mambo yote: mashine ya hotelini, chupa ya Betty, mchaichai, bakhuri. Alieleza kwa mikono miwili.

Santina alitabasamu. "Harufu ya mchaichai inatuliza, ni kweli. Mimi mwenyewe naipenda. Sasa hiyo maji ulichemshia wapi na mvua yote hii?"

"Mama," alisema Tisa, "kichwa inauma."

"Subiri kidogo, mama anaongea."

"Tumbo pia." Tisa akainama ukingoni mwa baraza, akatapika.

Santina aliweka ungo chini. Hakutabasamu tena. Alimshika Tisa, akamtazama machoni. "Na wewe, Mama Tisa? Kichwa yako iko aje?"

"Inauma kidogo tu. Labda jua."

"Jua gani? Si tuko kwa mvua! Keji, jiko iko wapi?"

"Ndani. Pale karibu na kitanda."

"Ya makaa? Na mlango?"

"Nimefunga, asiamke na kelele..."

Santina alikuwa ameshasimama. Maharage yakamwagika. "Tisa, kaa hapa hapa, usitoke! Keji, kimbia! Hiyo si usingizi!"

Walikimbia katika tope. Santina alimwita Lokosang, aliyekuwa amejikinga mvua kwenye kibanda cha jirani. Yeye ndiye aliyefika kwanza. Aliusukuma mlango ukagonga ukuta. Harufu nzuri iliwapiga usoni, tamu kama arusi.

"Vuta pumzi nje, halafu ingia," Santina aliamuru. "Usikae ndani! Mtoe mtu kwanza!"

Lokosang na Keji walimshika Lado mabegani na miguuni wakamtoa. Alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa. Wakamlaza barazani, penye upepo. Santina alimlaza ubavu, akaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Anapumua. Kidogo, lakini anapumua."

"Lado! Baba Tisa!" Keji alipiga kelele. Lado hakujibu. "Maziwa! Nileteeni maziwa, atapike sumu!"

"Hapana!" Santina akamshika mkono. "Usimtie kitu mdomoni. Mtu amezimia hawezi kumeza, itaingia kwa mapafu. Anataka hewa tu. Hewa safi, na hospitali. Lokosang, tafuta raksha!"

Lokosang alikimbia barabarani akarudi na raksha, pikipiki ya magurudumu matatu. Walimpakia Lado. Keji akampakata kichwa. Wakampitia Tisa, akakaa mapajani mwa Santina, maana naye alikuwa amevuta hewa ile ile. Njia nzima Keji alisema sentensi moja: "Ni mimi. Ni mimi nimemlaza."

Kituo cha afya kilikuwa na mtungi wa oksijeni, na siku hiyo, kwa bahati, haukuwa mtupu. Lado alivishwa kifuniko cha hewa puani na mdomoni. Tisa naye akapewa, zamu kwa zamu, na baada ya muda mfupi akaanza kuomba biskuti. Keji alikaa sakafuni akimtazama mume wake. Mvua ilikatika. Jua la jioni lilipoingia mlangoni, Lado alifungua macho.

"Kichwa," alisema. Kisha: "Maji." Kisha akamwona Keji. "Unalia nini?"

Keji alicheka na kulia pamoja, akambusu mkono.

Walikaa kituoni mpaka kesho yake. Lado akaruhusiwa, lakini akaambiwa apumzike, na arudi haraka kichwa kikizidi au akianza kuchanganyikiwa.

Jioni Santina alikuja kuwaona nyumbani. Alimkuta Keji ameshika ile chupa ya kahawia, tayari kuitupa chooni.

"Mbona unatupa?"

"Hii ndiyo ilitaka kuniua mume."

"Kaa chini, Mama Tisa. Si chupa. Wewe ni mtu wa kuuliza maswali, na mimi nakupenda kwa hilo. Lakini swali lako inaishia nusu. Unauliza 'hii ni nini,' halafu unaenda. Kila kitu unaingiza ndani ya nyumba, uliza na la pili: inatoa nini, na hiyo inatokea wapi?"

Keji alikaa. Lado, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasogea karibu. Naye alitaka kujua ni nini kilichomwangusha, maana hata risasi za Julai hazikumweza.

"Makaa yakiwaka," Santina alieleza, "yanatoa hewa ya sumu. Hiyo sumu haina rangi. Haina harufu. Haikohozeshi. Inaingia kwa damu polepole, inachukua nafasi ya hewa nzuri. Kichwa inauma, unasikia kizunguzungu, tumbo inavuruga, mwili inalegea. Halafu unalala. Ukiachwa hapo, hauamki."

"Lakini hakukuwa na moshi," alisema Keji. "Makaa yalikuwa mekundu kabisa. Mimi nilingojea moshi iishe."

"Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Moshi imeisha, sumu iko. Hata makaa ikikaribia kuwa majivu, bado iko."

"Na bakhuri? Haisafishi hewa?"

"Inanukia, haisafishi. Tena ni moshi juu ya moshi. Ukipenda bakhuri, choma kidogo, mlango na dirisha wazi, na mtoto mwenye kifua asikae karibu."

Kichwa cha Keji kikaanza kuinama upande, na Lado alipoona hivyo akajua maswali yanakuja.

"Kwa hiyo ile mashine ya Betty haina sumu kwa sababu haina makaa?"

"Ndiyo."

"Na mimi bila umeme?"

"Lete beseni, nikuonyeshe."

Keji aliwasha kanuni nje, hatua kumi kutoka mlangoni. Maji yalipochemka, Santina aliyamimina katika beseni, akalibeba mwenyewe mpaka ndani, akaliweka juu ya meza, mbali na ukingo. Akakata majani matatu ya mchaichai akayatumbukiza. Mvuke ukapanda taratibu.

"Moto imebaki nje. Kilichoingia ni maji tu. Harufu ni ile ile, ama si ile?"

Keji akavuta pumzi. "Ni ile ile!"

"Weka mahali mtoto hafiki. Mimi kazini naona watoto wengi wameungua na maji ya mvuke kuliko wale yamewasaidia. Usimfunike mtoto blanketi juu ya beseni hata siku moja."

"Na mafuta?"

"Ukiwa na majani, mafuta ya nini? Ukitaka sana, matone mawili kwa beseni nzima. Si kifuniko! Usimwage kwa moto, yanashika. Hayanywewi, hayatiwi puani. Mtoto mchanga usimwekee kabisa. Mwenye pumu au mwenye mimba aulize kwanza. Na chupa ikae juu, Tisa asifikie."

"Inaponya malaria?"

"Haiponyi malaria. Haiponyi kifua. Mtoto akiwa na homa, ama anapumua haraka haraka, ni kituo cha afya, si beseni. Hii ni ya kutuliza moyo tu, kama wimbo mzuri." Santina akatazama ukutani. "Lakini hata beseni inataka chumba kipumue. Hii nyumba haipumui. Lazima mfungue hiyo dirisha."

Wote wakaligeukia bati.

"Hapana," alisema Lado.

"Baba Tisa..."

"Nimesema hapana. Dirisha hiyo haifunguliwi. Nyinyi hamkuona. Hiyo risasi ilipita pale mtoto wangu analala kila siku. Hapa!" Akapiga kitanda kwa kiganja. "Kama siku ile asingekuwa sakafuni..." Akafuta uso. "Mimi nasikiliza. Nikilala, nani atasikiliza?"

Keji alimtazama mume wake kwa mshangao. Mwaka mzima alikuwa ameuliza juu ya kila kitu Juba, lakini hili hakuwahi kumuuliza. Alijua Lado halali. Hakujua kwamba Lado alikuwa kazini.

Santina hakubishana naye. Aliongea taratibu. "Baba Tisa, unalinda watu wako, na hiyo si makosa. Lakini adui wa jana hakuja na bunduki. Wewe ulimfungia ndani. Na hii hofu, majani haiwezi kuitoa. Hata mimi baada ya Julai sikulala. Nilisaidiwa na kuongea. Pale kanisani wanaume wanakutana kila Jumatano, wanaambiana waliyoyaona. Nenda hata ukae kimya tu. Na tena, unakunywa jabana mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni," Tisa akajibu haraka. "Vikombe saba."

"Wewe, mchongezi!" alisema Lado, lakini akatabasamu kidogo.

"Vikombe saba! Hapo hata maiti angeamka. Kunywa asubuhi. Mchana ukifika, kalas, imetosha. Na ukisikia usingizi, usipande pikipiki."

Santina aliaga. Lado hakuahidi kitu. Siku mbili dirisha lilibaki na bati lake, na beseni likabaki tupu, maana Keji alisema hataweka hata bakuli la uji wa moto ndani ya chumba kisichopumua. Kwa jambo hili hakurudi nyuma. Alipika nje, hata mvua ikinyesha, akijibanza chini ya turubai alilofunga mbali na mlango.

Jumatano Lado alikwenda kanisani. Alirudi macho mekundu. Keji alimpa chakula, kisha akakaa karibu naye. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Baba Tisa," aliuliza, "siku ile ya risasi, wewe uliona nini?"

Lado alimweleza. Alieleza polepole, mpaka chakula kikapoa. Keji hakumkatiza hata mara moja, na kwa Mama Deshunu hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Alhamisi asubuhi Lado aliomba nyundo kwa Lokosang. Kwanza yeye na Keji walikisukuma kitanda mpaka kona ya ndani, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo kitu kikipita dirishani hakiwezi kukifikia. Kisha akasimama mbele ya bati muda mrefu. Lado akang'oa msumari wa kwanza. Akang'oa wa pili. Alipomaliza, nusu ya juu ya dirisha ilikuwa wazi, na nusu ya chini akaiacha imezibwa. Akatundika wavu wa mbu juu ya uwazi. Vipande vya blanketi akavitoa kwenye nyufa, akampa Keji avifue.

"Nusu," alisema, jasho likimtoka. "Leo naweza nusu."

"Nusu inatosha," Keji akajibu.

Upepo uliingia. Tisa akasimama chini ya dirisha, akainua uso. "Mama, nyumba inapumua."

Usingizi haukuja siku hiyo hiyo. Usingizi si boda boda, kwamba ukipunga mkono unasimama. Lakini Lado aliacha kahawa ya jioni, akaenda tena Jumatano iliyofuata, na kila baada ya chakula Keji aliweka beseni juu ya meza, akatia majani matatu. Walikaa watatu wakinusa, wakizungumza mpaka maji yakapoa. Kidogo kidogo Lado akaanza kufumba macho kwa muda wa saa mbili, kisha tatu.

Hotelini Keji alimsimulia Betty yote. Betty alishika kifua. "Na mimi nilikuwa nataka kukuambia: chumba iwe na hewa! Wewe ukakimbia!"

"Leo sikimbii," alisema Keji. Akaketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. "Sasa niambie. Hiyo sabuni ya choo inatoa nini?"

Mwezi ukapita, ikaja Jumapili nyingine. Waliporudi kutoka kanisani, Lado alijinyoosha kitandani. Beseni lilikuwa mezani. Kanuni lilikuwa nje. Upepo ulikuwa ukisukuma wavu. Na Lado akalala.

Keji alikaa kizingitini. Dakika tano zikapita, Lado kimya. Keji akaingia mbio, akamtikisa. "Baba Tisa! Uko?"

"Niko," Lado akanung'unika, akageukia ukutani.

Baada ya muda Keji akaingia tena. "Baba Tisa? Kichwa inauma?"

"Hapana."

Mara ya tatu Lado alifungua jicho moja. "Mama Tisa, mimi nilikuwa na ugonjwa wa kukosa usingizi. Sasa umehamia kwako. Malesh, mke wangu, samahani, niache nilale."

Keji akarudi kizingitini. Mara Lado akaanza kukoroma. Hakukoroma kidogo kama siku ile mbaya. Alikoroma kwa nguvu, mpaka kuku wakainua vichwa.

Kutoka nyumba ya pili Santina akaita, "Mama Tisa! Hiyo ni nini?"

Machozi yalimtoka Keji bila yeye kuyaita. Aliyafuta kwa upande wa khanga, akapaza sauti ili mtaa mzima usikie.

"Ni mume wangu," alisema. "Amelala!"